Maswali ya meno: Nasaga usiku, nichongwe?

Mwezi huu barua nyingi ni za taya: kusaga meno, meno yasiyokutana vizuri, na mawazo. Nimechukua tano.

Shikamoo daktari. Mume wangu ananiamsha usiku, anasema nasaga meno kama mashine ya kukoboa mpunga. Asubuhi panja zinauma. Meno yangu ya chini yamepandana tangu utotoni, na daktari mmoja anasema ndiyo chanzo, anataka kuyachonga yakutane. Nikubali? (Mhasibu, Morogoro)

Marahaba. Usikubali, angalau si kwa sababu hiyo.

Wazo hilo tulilieneza sisi wenyewe madaktari wa meno. Tuliamini kwamba meno yasipokutana sawasawa, taya huhangaika usiku kucha kutafuta pa kutulia. Linaingia akilini, ila lilipopimwa halikusimama. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliwawekea watu kofia za meno zilizovuruga makusudi namna meno yanavyokutana, wakapima misuli ya taya usingizini. Ulitarajia wasage zaidi. Wengi wao walisaga kidogo kuliko kawaida yao.

Picha kamili ilitoka kwenye maabara za usingizi, hasa Montreal, Kanada, kwa mtafiti Gilles Lavigne na wenzake. Mlaze msagaji, mbandike nyaya kichwani, kifuani na mashavuni, utaona mambo yanavyofuatana: mawimbi ya ubongo yanachangamka kama ya mtu anayetaka kuzinduka, moyo unaongeza mwendo, ndipo misuli ya taya inakaza. Meno kugusana huja mwisho kabisa. Amri inatoka ubongoni, meno yanalipia tu.

Sasa nikuulize: ilianza mwezi gani? Kama ni Juni, wakati wa kufunga hesabu za mwaka, sitashangaa. Mawazo hufanya usingizi ukatike-katike, na pombe, sigara na kahawa ya usiku vivyo hivyo. Lakini uhusiano wa msongo na kubana meno mchana, ukiwa macho kabisa mbele ya kompyuta, uko wazi zaidi kuliko ule wa kusaga usingizini. Bandika kikaratasi chekundu kwenye ukingo wa skrini. Kila jicho likikiona, jikague: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umelegea. Kwa siku nzima, kula na kumeza vikiwemo, meno ya mtu aliyetulia hugusana kwa muda usiofika hata nusu saa. Utashangaa ya kwako yanagusana mara ngapi kabla ya chai ya saa nne.

Usiku vaa kinga ya plastiki iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako. Haizuii kusaga, inazuia meno kulika, na enameli, lile ganda gumu la nje la jino, ikishalika hairudi. Mume wako akisema pia unakoroma na kukata pumzi, hilo mpelekee daktari mapema.

Doki, natafuna muguka tangu saa tisa alasiri hadi usiku, upande mmoja. Nikipiga miayo taya inalia “ka!”, na hata nikitema, meno yanajibana yenyewe. Ni zile chingamu ninazotafuna nayo? (Malindi)

Chingamu zina sehemu yake, na kutafunia upande mmoja saa sita mfululizo kunachosha kiungo cha taya. Ila huko kujibana baada ya kutema ni kazi ya kathinoni, kemikali ya ndani ya miraa na muguka, ndugu wa karibu wa amfetamini, dawa ya kuchangamsha ubongo. Inasukuma dopamini, kemikali ya raha, kwa wingi ubongoni. Hiyo ndiyo stimu yako, na hiyo hiyo ndiyo inayokaza taya. Stimu ikiisha usingizi nao umekwenda, basi usiku unamalizia kusaga.

Kama huachi leo, punguza saa na badilisha upande. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu shavuni dakika ishirini, na mahindi ya kuchoma uyapishe kwanza. Siku taya ikigoma kufunguka, usimwachie rafiki aivute. Njoo hospitali.

Nilianzishiwa setralini, dawa ya sonona, baada ya kujifungua, imenisaidia sana. Lakini wiki ya tatu nikaanza kuamka taya imekakamaa. Niache? (Mama wa mtoto mmoja, Nakuru)

Usiache, dada, na usipunguze mwenyewe. Dawa za jamii hiyo, fluoksetini ikiwemo, zinajulikana kuleta kusaga kwa baadhi ya watu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba serotonini, kemikali nyingine ya ubongo ambayo dawa hizi huiongeza, ikipanda inaweza kuipunguza dopamini kwenye njia nyingine za ubongo, zile zinazoituliza misuli ya taya. Mwambie aliyekuandikia. Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza busipironi, dawa ya wasiwasi. Mwambie na daktari wa meno unameza nini, maana wengi wetu hatuulizi.

Mwanangu wa miaka mitano anasaga usiku. Bibi yake anasema minyoo. (Tanga)

Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba ya kliniki, haitaharibu kitu. Kusaga kwa umri huo ni kawaida, na wengi huacha wenyewe. Ukiona anakoroma mdomo wazi, mpeleke aangaliwe tonsili na pua.

Nimezibwa gego wiki mbili zilizopita. Tangu hapo linagusa kabla ya mengine, silali, nina hasira. Mke wangu anasema ni mawazo tu. (Mwanza)

Mwambie shemeji yangu safari hii jino lina kesi. Meno huhisi kitu chembamba kuliko unywele. Mdomo uliozoea mpangilio wake wa miaka, hata ukiwa umepinda kama wa mhasibu wetu, hutulia. Mabadiliko ya ghafla ni jambo jingine. Huko Japani, panya walioinuliwa magego kwa dawa ya kuzibia walipandisha homoni ya msongo kwenye damu. Na ajabu yake, panya wengine waliobanwa wasiweze kusogea, wakapewa kijiti cha kung'ata, ubongo wao ulionyesha msongo mdogo kuliko wenzao wasio na kijiti. Panya si mtu, lakini sasa najua kwa nini nilitafuna kalamu zote shuleni.

Rudi kwa aliyekuziba. Aweke karatasi ya rangi, ung'ate, ukasage kushoto na kulia, achonge alama iliyokolea kwenye zibo lake, siyo kwenye jino la juu lisilo na hatia. Ni kazi ya dakika tano. Kabla hujashuka kwenye kiti, keti wima ung'ate tena, kwa sababu ukiwa umelala taya hukaa kwingine.