Kabla ya kuhesabu jozi, jifunze kukata ngozi

Wiki jana kijana mmoja aliniuliza kama ashike kazi ya kushona sandali kwenye soko la Kariokor, Nairobi, alipwe kwa jozi. Nikamuuliza: ngozi atakata nani? Akanitazama tu. Simlaumu, mimi mwenyewe nilichukua miaka miwili kulielewa swali hilo.

Nilianza kwa kupaka gundi na kugonga soli. Mikono yangu ilikuwa myepesi, nikadhani nimeukata. Lakini jozi huja kwa msimu: Desemba tunakesha, Februari tunacheza drafti. Tena gundi ikiisha au stima ikipotea, muda wa kusubiri ni hasara yako. Jumamosi moja nikachukua kalamu, nikagawanya pesa za wiki kwa saa zote nilizoshinda pale. Jibu sikumwonyesha mtu. (Soko lenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Siku ile niliwakumbuka sana.)

Aliyekuwa na amani ni mzee wa kukata. Hakuwa na haraka na chochote. Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, na kwa viatu tulivyotengeneza ndiyo iliyomeza pesa kuliko kitu kingine. Akipanga vizuri pateni zake, yaani vielelezo vya kukatia, akapata jozi moja ya ziada, mwenye kibanda amepata ngozi ya bure. Ndiyo maana yeye alibembelezwa, sisi tukahesabiwa.

Kabla ya kushika kisu aliikunja ngozi, akaivuta huku na huku, akaigeuza upande wa nyama. Mgongoni imekaza, na huko ndiko alikotoa uso wa kiatu na mikanda. Tumboni ni legelege: mkanda wa sandali uliokatwa tumboni hulegea, na mteja atakurudishia. Alisaka makovu ya miiba, ya kupe, ya chapa ya moto, na mabaya zaidi, ya kisu cha mchunaji. Hayo hujificha kwa ndani, kisha kiatu kikivutwa kwenye kalibu, lile umbo la mguu, ndipo kinapasuka. Uso wa kushoto na wa kulia aliukata jirani kwa jirani, ili rangi na unene vifanane.

Hakunifundisha kwa maneno. Nilijitolea kufagia chini ya meza yake, nikawa nabeba masalio nyumbani kukatia vishikio vya funguo. Ukimpata fundi asiyekufukuza mezani pake, ng'ang'ana hapo, hata kama jirani anaongeza shilingi kadhaa kwa jozi. Ushauri wangu mkubwa ni huo. Mengine ni ya kulinda mfuko.

Kazi ya kulipwa kwa kipande inatambuliwa na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007. Unastahili malipo kazi ikikamilika au mwezi ukiisha, lolote litakalotangulia. Ile ya "ngoja mteja anilipe" haimo. Lakini sheria bila daftari ni hewa. Andika tarehe, jozi ngapi na kazi gani, halafu mwenye kibanda atie sahihi kila Jumamosi. Mmoja alinicheka akatia sahihi hivyo hivyo. Tulipokuja kubishana juu ya jozi 14, daftari likamaliza maneno.

Cha kuchekesha, nilipofungua kibanda changu akili hiyo niliiacha kwa tajiri. Duka moja la mjini liliagiza jozi 60, nikakubali bila arbuni kwa kuwa nilitaka jina. Ngozi nikaichukua kwa mkopo. Nilizungushwa miezi mitano huku aliyenipa ngozi akipita kibandani kila asubuhi kunisalimia, salamu ndefu. Sasa arbuni lazima itoshe ngozi na soli. Ninachoweza kumkopesha mteja ni jasho langu tu.

Na mteja akikuambia kwenye soko la mitumba la Gikomba kuna viatu rahisi zaidi, mkubalie, ni kweli. Kisha muombe aweke mguu juu ya karatasi umchoree. Mwenye mguu mpana, au mmoja uliozidi mwenzake, hachoki kumtafuta fundi wake.

Yule kijana nimemwambia aje Jumatatu na kisu chake. Ufagio uko nyuma ya mlango.