Akisema "nimeelewa", tazama mikono yake

Ukifanya kazi ya ugani huku kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, "nimeelewa, bwana shamba" utaisikia kila shamba. Mara nyingi ni adabu tu. Umepanda mlima kuja kufundisha, na mtu anaona si vizuri kukwambia mbele ya majirani kwamba hajakuelewa. Kwa hiyo jibu nalisikia, lakini naangalia na mwili.

Mama aliyeelewa kipimo cha dawa ya ukungu wa viazi huishika chupa, huigeuza asome, na mikono yake huanza kupima hewani ningali naongea. Asiyeelewa huitikia kwa kichwa haraka mno, halafu humtupia jicho mwenzake. Hapo usimuulize tena kama ameelewa. Mpe bomba la kunyunyizia na kifuniko cha chupa ya dawa: "Mama, hebu nipimie ya bomba moja." Kipimo kikizidi au kikipungua mtakiona wote wawili, na hakuna aliyeaibishwa.

Kuna mafundisho yameenea kwamba aliyefunga mikono kifuani amekukataa, na anayekwepa macho anadanganya. Tafadhali msiyabebe mzimamzima. Isyonje mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni kali, kila mtu amejikunyata kwenye koti lake. Na kijana aliyelelewa vizuri, awe wa Rungwe au wa Iringa, huinamisha uso mbele ya mkubwa. Hiyo ni heshima. Kwa Wanyakyusa mkamwana alipaswa hata kumkwepa baba mkwe wake, asikutane naye uso kwa uso. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliiandika mila hiyo baada ya utafiti wake Rungwe miaka ya 1930. Siku hizi imelegea, ila mkamwana akinyamaza kikaoni huku baba mkwe yupo, usidhani hana hoja. Mfuate baadaye akiwa na wanawake wenzake.

Hata wataalamu wanatuonya. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi na kukuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa wastani wa asilimia 54, karibu sawa na kurusha sarafu. Na ule usemi kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno bali sauti na sura, unatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967 kuhusu hisia, pale neno, sauti na sura vinapopingana. Hauhusu kila mazungumzo.

Ninachokushauri ni kumjua mtu kwanza. Angalia kawaida yake, kisha angalia kilichobadilika leo: mzee mwenye utani amenyamaza, au aliyezoea kukaa mbele amekaa nyuma. Ukishaona, uliza. Usijijibie mwenyewe.

Na usiwashe pikipiki haraka. Mkiagana, mkulima akiushikilia mkono wako muda mrefu kidogo kuliko kawaida, mwambie, "Mzee, kuna neno?" Mara nyingi lipo: hana hela ya mbolea, na mpango wote mliopanga asubuhi unategemea mbolea hiyo.