Neno refu la Kiholanzi lisome kuanzia mkiani

Barua ya bima ikikuletea arbeidsongeschiktheidsverzekering, herufi 33 bila nafasi hata moja, usianze mwanzoni. Nenda mwisho: verzekering ni bima. Rudi nyuma: ongeschiktheid ni kutofaa au kutoweza, arbeid ni kazi. Kumbe ni bima ya kutoweza kazi. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe kisha "ya". Kiholanzi hukiweka mwisho na "ya" haionekani. Ndiyo maana mkia huamua kila kitu. Nomino ya Kiholanzi hutanguliwa na kibainishi de au het: ziekenhuis (hospitali) ni het kwa sababu ya het huis (nyumba), lakini ziekenhuiskamer (chumba cha hospitali) ni de kwa sababu ya de kamer (chumba). Wingi nao huwekwa hapo hapo: ziekenhuiskamers.

Zile s mbili za arbeids- na -heids- hazina maana yoyote, ni gundi tu. Gundi nyingine ni -en-, kama katika pannenkoek (keki ya kikaangoni), kwa kuwa wingi wa pan (kikaango) ni pannen. Vitabu vya kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1995 huandika pannekoek, basi usishangae. Zonneschijn (mwanga wa jua) haina n hiyo ya mwisho wa gundi, maana jua ni moja tu.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuacha nafasi katikati. Rodewijnglazen ni glasi za mvinyo mwekundu. Rode wijnglazen ni glasi nyekundu za mvinyo. Upatanisho wa Kiswahili unatuonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kwa Kiholanzi kazi hiyo hufanywa na nafasi peke yake.

Kwenye silabi, kata kwanza pale maneno yalipoungana, ndipo ugawe kila kipande. Bommelding ni bom-mel-ding, taarifa ya bomu. Wengi husoma "bommel" kisha wanatafuta neno lisilowasaidia. Dijkramp ni mtihani mzuri: dijk-ramp ni maafa ya tuta la kuzuia maji, dij-kramp ni kukaza kwa misuli ya paja. Hapo sentensi nzima ndiyo itakayokuamulia.

Ndani ya kipande, konsonanti moja kati ya irabu huenda kwenye silabi inayofuata, mbili hutengana: bo-men ni miti, bom-men ni mabomu. Silabi iliyo wazi (inayoishia na irabu) hurefusha irabu, iliyofungwa (inayoishia na konsonanti) huifupisha. Silabi zetu karibu zote ziko wazi, kwa hiyo masikio yetu hayajazoea kuitafuta tofauti hii. Zoeza jozi hizi kwa sauti kila siku: manen na mannen, boten na botten hadi ulimi ukubali.

Mkazo usiuweke kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Katika nomino ambatani mara nyingi hukaa kwenye kipande cha kwanza: ZORGverzekering, HUISdeur. Ukikosea mkazo, Mholanzi anaweza asikuelewe hata kama kila herufi umeitamka sawa.

Neno zima lisipokuwemo kwenye kamusi, na mengi hayamo, tafuta kipande cha mwisho peke yake, kisha kinachokitangulia.