Hakuna Kilichopikwa, na Sahani Zimerudi Tupu

Mdogo wangu mmoja wa Bagamoyo kaniandikia. Nyumba ya wageni anakofanya kazi inapokea watu wasiokula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali, na juu ya hayo hawataki chochote kilichopita motoni. Anauliza awape nini zaidi ya matunda ya kukatakata. Swali limenikuta na furaha zangu, maana Jumamosi nimewaandalia wageni wa aina hiyo hapa Raskazone, Tanga, na hawakubakiza kitu.

Nilianza kwa kualikwa. Bosi wangu wa zamani alinipeleka kwenye mgahawa wa vyakula vibichi Dar es Salaam. Nikaletewa "tambi" ambazo ni mboga iliyochongwa nyuzinyuzi, juu yake nyanya baridi iliyosagwa na kitu cheupe wanachokiita jibini. Jibini lenyewe korosho! Zimelowekwa, zikasagwa na ndimu, basi. Nilishiba, sikatai. Ila bili ile ingenunua samaki wa wiki nzima, na kilichoniuma zaidi ni kwamba kila kitamu pale mezani kilitoka kwetu, halafu menyu haikuwa na neno moja la Kiswahili.

Niliporudi Tanga nikasimulia. Shemeji yangu akauliza mbele za watu, "Kwa hiyo umelipa hela ule kama mbuzi?" Mpaka leo kwenye shughuli za ukoo naitwa Bi Majani. Nacheka nao, lakini nimeweka moyoni.

Mdogo wangu, anza na nazi. Nyama ya dafu iliyokomaa kidogo, kata vipande virefu vyembamba, tambi zako hizo. Nazi kavu ikune, kamua tui zito kwa maji safi ya kunywa, utie tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ndimu na chumvi. Mwagia juu ya karoti, tango na papai bichi lililokunwa. Tui lisilochemshwa halisubiri mtu kwenye joto letu, kwa hiyo kamua wageni wakiwa wamekaa. Utamu uchukue kwenye tende na ndizi mbivu. Machungwa ya Muheza yapo kwa msimu wake. Na onja chumvi. Chakula kibichi kikipungua chumvi na ndimu hakina pa kujificha.

Wengi wa walaji hawa wanaweka mpaka wa joto kati ya nyuzi 40 na 48, kwa hiyo kukausha kunaruhusiwa. Ila hewa ya pwani ina unyevu, na ukianika juani bila uangalizi utavuna ukungu. Korosho nazo zina kesi yake. Hata zile zinazouzwa kama mbichi kwa kawaida zimeshapitishwa kwenye moto au mvuke ili kubangua, kwa sababu ganda lina mafuta yanayounguza ngozi. Mgeni mmoja Jumamosi aliniuliza, nikamwambia ukweli, akaziacha pembeni na akaomba tui mara ya pili. Usimdanganye mla kibichi. Anayekula hivyo kila siku mwambie pia atafute vitamini B12 ya nyongeza, maana mimea haimpi.

Na hapa niseme na vijana wote wa mahotelini. Tunakaa juu ya minazi tunasubiri mtu wa mbali atufundishe kachumbari kwa jina jipya! Amkeni. Mama zenu wanajua kukuna, kuchuja na kukamua kuliko mpishi yeyote mwenye kofia ndefu. Waulizeni kabla hamjalipia kozi.

Umeuliza pia kuhusu kisamvu kibichi kwenye saladi. Hapana, kabisa. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ndiyo maana tunayatwanga na kuyachemsha sana, na muhogo mbichi usiuguse kwa kazi hii. Maharage mekundu vilevile, hata yakilala kwenye maji usiku kucha bado yatawatapisha wageni. Ukitaka kitu cha kushibisha, weka parachichi, ufuta na mbegu za maboga.