Bunduki ya wenzo kwa kambi ya Alaska: inunue kwa kupima risasi ya pili

Dubu wa kahawia hukimbia hadi kilomita 56 kwa saa, sawa na mita 15 kwa sekunde. Akichomoka kichakani mita 30 kutoka hema lako, una sekunde mbili. Nenda dukani na hesabu hiyo kichwani. Kwetu Afrika Mashariki, ukilala hifadhini mwenye bunduki ni askari wa wanyamapori. Alaska mwenye bunduki ni wewe, basi ichague kama mtu atakayeitumia mwenyewe, gizani, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi.

Kwanza lakini, nunua dawa ya pilipili ya kupuliza. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa huko Alaska dawa hiyo ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Mwaka 2012 watafiti hao walichambua matukio 269 yaliyohusu bunduki, wakakuta kwamba dubu akishasogea karibu, waliofyatua bunduki waliumia kwa kiwango kilekile cha waliokuwa nayo wasiifyatue. Muda kuwa mfupi na bunduki kukwama ni miongoni mwa sababu. Bunduki ni kinga ya pili, na yote yanayofuata hapa ni ya kupunguza huko kukwama. Dawa yenyewe hairuhusiwi ndani ya ndege, hata kwenye mizigo ya chini, kwa hiyo inunue ukishatua Anchorage.

Bunduki ya wenzo hukokiwa kwa kusukuma mbele mpini unaozunguka kifyatulio, kisha kuurudisha. Faida yake porini ni kwamba ni fupi, ni bapa, haina kitu kinachochomoza ubavuni kikanasa kwenye matawi, na unaikoki bila kuitoa begani. Hapo ndipo risasi ya pili inapoingia. Ya kwanza huweza kupiga tope au kupita juu ya mgongo wa dubu. Kama ya pili haiko tayari ndani ya sekunde moja, ulichoshika ni rungu la bei ghali.

Kaliba, yaani kipimo cha risasi, inayotajwa zaidi ni .45-70 Government, iliyotengenezwa kwa jeshi la Marekani mwaka 1873. Bunduki ya Marlin 1895 SBL, inayotengenezwa na kampuni ya Ruger tangu waliponunua jina hilo la Marlin mwaka 2020, ina mtutu wa inchi 19, uzito wa takriban kilo 3.3, inabeba risasi 6 kwenye magazini, na chuma chake ni cha pua kisichoshika kutu haraka. Kwa mvua ya pwani ya Alaska, hilo la chuma cha pua mimi silijadili. Chuma cheusi huanza kutoa wekundu kwa usiku mmoja tu ndani ya mfuko wenye unyevu.

Tatizo ni kwamba risasi za .45-70 hazilingani nguvu, ingawa zote zinaingia chemba moja, yaani kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Ile ya kawaida ya kiwandani, kichwa cha greni 405, yaani gramu 26, hutoka kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde, na imepunguzwa makusudi ili isipasue bunduki za karne ya 19. Ile nzito ya dubu, greni 430 za risasi ngumu, inakaribia mita 590 kwa sekunde. Soma boksi: ukiitia hiyo nzito kwenye Springfield ya kale, bunduki ya jeshi ya karne hiyo, chemba inaweza kukupasukia usoni. Na hata kwenye bunduki mpya ya kilo 3.3, teke lake ni kali mno. Mtutu unaruka juu, shavu linauma, na ile risasi ya pili inachelewa. Watu wengi hununua nzito kuliko zote, wanafyatua tano uwanjani, bega linavimba, hawafanyi mazoezi tena. Afadhali kichwa kigumu cha greni 405 kwa mwendo wa wastani, ambacho utakubali kukifyatua mara 40 kwa mwezi.

Kama hata hicho kinakuzidi, angalia .44 Magnum. Rossi 92 yenye mtutu wa inchi 16 inabeba risasi 8, ni nyepesi sana, na teke lake linavumilika. Itumie na kichwa kigumu cha greni 300 hivi, si kile laini cha greni 240. Lakini ijue daraja lake: Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Alaska hutaja bunduki ya .300 Magnum au ya marisau ya geji 12 yenye risasi moja nzito kuwa ndizo zinazofaa kwa dubu, na inaonya kwamba bastola ya .44 Magnum huenda isitoshe. Mtutu mrefu unaiongezea .44 mwendo, ila haiigeuzi kuwa .45-70. Nayo .30-30 inatosha kwa dubu mweusi. Kwa dubu wa kahawia iache.

Kuhusu kichwa cha risasi usikubali mbadala. Kiwe kigumu, cha madini ya risasi yaliyochanganywa yakakazwa au cha shaba tupu, kwa sababu kile cha kuwindia paa hutanuka mapema na kuishia kwenye msuli wa bega. Na kiwe butu. Magazini ya bunduki hizi ni bomba chini ya mtutu, risasi zimelala mstari, ncha ya moja ikigusa fataki (kiwasha baruti kilicho kitakoni mwa risasi) ya iliyo mbele yake. Ncha ya chuma iliyochongoka, ikisukumwa na teke, inaweza kuwasha fataki humohumo ndani ya bomba.

Dukani, hakikisha kwanza chemba na magazini ni tupu. Inua bunduki begani ukiwa umefumba macho, halafu fumbua. Kilengeo kiwe mbele ya jicho bila kunyoosha shingo, na jaribu ukiwa umevaa koti la baridi. Chagua kilengeo cha nyuma cha tundu pana chenye nukta angavu mbele. Darubini hufunikwa na matone ya mvua, na kwa mita 10 utaona manyoya matupu. Vaa glavu utakazotumia kambini uingize mkono kwenye mpini. Vidole vikibana, tafuta wenye kitanzi kikubwa zaidi. Kisha ikoki mara kumi bila kuishusha begani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukoki nusu. Mwenye hofu husukuma mpini hadi anapohisi ganda limetoka, akaurudisha kabla haujafika mwisho. Matokeo unayaona wazi: ganda limebanwa mlangoni, au ganda limeruka lakini kinyanyuzi, kile kipande kinachoinua risasi kutoka magazini, hakikupanda, bolti (chuma kinachofunga chemba) ikafunga chemba tupu, ukabonyeza ukasikia "tak". Dawa yake ni moja: sukuma mpini mpaka ugonge chuma, kila mara, hata ukiwa unacheza na risasi bandia sebuleni. Kama umenunua Marlin kuukuu, fungua mpini utazame uso wa chini wa kinyanyuzi. Ukiona mfereji uliochimbwa na ncha ya mpini, huko ndiko risasi ya pili itakakoteleza na kuzama chini yake, na hapo bunduki inafunguliwa kwa bisibisi tu. Skrubu nazo hulegea kwa teke. Zitie tone la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu kulegea, na ubebe bisibisi inayokaa sawasawa.

Risasi utakazolala nazo zipitishe zote aina hiyohiyo, angalau 40, kwenye bunduki hiyohiyo. Bunduki za wenzo huchagua urefu wa risasi. Halafu bandika sahani ya karatasi ya sentimita 20 umbali wa mita 15. Anza na chemba tupu, bunduki usawa wa kiuno: koki, piga, koki, piga. Risasi mbili ndani ya sahani kwa sekunde 4 ni kiwango kizuri. Wengi huanza na 7.

Sheria isikupite. Mwenye viza ya utalii au ya masomo haruhusiwi kumiliki bunduki Marekani, isipokuwa ana mojawapo ya vibali kama leseni halali ya uwindaji. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa. Ukipita Kanada kwa gari, unajaza fomu ya tamko mpakani na kulipa ada. Ukimuua dubu kwa kujihami Alaska, unatoa taarifa mara moja, unamchuna, na ngozi yenye makucha pamoja na fuvu unakabidhi kwa serikali. Ulinzi huo haukuhusu kama ulimvuta mwenyewe kwa chakula kilichoachwa ovyo, kwa hiyo pika mita 100 kutoka hema na funga vyakula kwenye chombo kisichofunguliwa na dubu.

Usiku, bunduki ilale ubavuni mwako, magazini imejaa, chemba tupu, mtutu ukielekea upande asikolala mtu, taa ya kichwani juu ya kitako. Ikiwa umeiacha nje kwenye baridi, usiiingize penye jiko: inatoa jasho, na ukiitoa tena jasho hilo huganda kwenye bolti. Mafuta yapake membamba sana, maana mazito huganda nayo. Asubuhi, kabla ya kufunga mizigo, toa risasi. Bunduki za wenzo za chapa ya Henry zenye magazini ya kuchomoa zina faida hapa, unalivuta bomba la ndani risasi zinamwagika. Marlin inakulazimu uzipitishe zote kwa mpini moja moja, kidole mbali na kifyatulio, mtutu ukielekea ardhini penye udongo laini, ukihesabu hadi ya sita.