Miamala Inayongojeana

SWALI: Programu yetu huhamisha salio kutoka akaunti moja hadi nyingine katika hifadhidata ya MySQL. Watumiaji wanapokuwa wengi, baadhi ya miamala (mafungu ya amri zinazofaulu au kufeli kwa pamoja) hukatizwa kwa kosa namba 1213. Tuliongeza muda wa kusubiri kufuli (kizuizi kinachozuia muamala mwingine kugusa data ileile) kutoka sekunde 50 hadi 120, lakini hali haikubadilika. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mmetibu ugonjwa mwingine. Muda mliouongeza unahusu kosa namba 1205, la muamala uliosubiri kufuli hadi muda ukaisha. Namba 1213 ni mkwamo: kila muamala umeshika kufuli ambalo mwenzake analihitaji, hivyo hata wangesubiri mwaka mzima hakuna ambaye angesonga. InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi data, hugundua mzunguko huo na kuutengua muamala mmoja, kwa kawaida ule uliobadilisha safumlalo chache zaidi. (Aliyezoea SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ajihadhari, kwani huko 1205 ndiyo namba ya mkwamo wenyewe.)

Anzeni na amri ya SHOW ENGINE INNODB STATUS. Kwa kuwa huonyesha mkwamo wa mwisho tu, washeni pia mpangilio wa seva uitwao innodb_print_all_deadlocks ili yote iandikwe katika kumbukumbu ya makosa ya seva. Ripoti hiyo hutaja amri ambayo kila muamala ulikuwa ukiitekeleza ulipokwama, ilhali kufuli la kwanza mara nyingi lilichukuliwa na amri iliyotangulia, isiyoonekana humo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo someni msimbo tangu mwanzo wa muamala.

Kwa maelezo yenu, ninashuku mpangilio. Mtu mmoja anahamisha kutoka akaunti ya 7 kwenda ya 12, mwingine kutoka ya 12 kwenda ya 7, na programu hufunga akaunti ya mtumaji kwanza. Fungeni daima akaunti yenye namba ndogo kwanza, kwa SELECT ... FOR UPDATE (amri inayosoma safumlalo na kuzifunga papo hapo), fedha ziende upande wowote. Kagueni pia faharasa, yaani orodha zinazoiwezesha hifadhidata kupata safumlalo bila kupitia jedwali zima: katika kiwango cha kutenganisha miamala kiitwacho REPEATABLE READ, UPDATE isiyo na faharasa ya kufuata hufunga kila safumlalo inayoipitia, na miamala isiyohusiana hujikuta ikigombana.

Mikwamo michache huenda ikabaki. Programu iurudie muamala wote tangu mwanzo, si amri ya mwisho pekee, kwa sababu 1213 hutengua kila kitu. Ipumzike kidogo kwa muda unaobadilika kila mara kabla ya kujaribu tena, na majaribio yawe na kikomo.