Maswali na Majibu: Mtangazaji wa Mpira Anapoitwa Kwenye Tamthilia

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anatangaza mpira, sasa ameitwa kuigiza pia, afanyeje? Tumezifupisha.

Shikamooni. Natangaza ndondo, mechi za mtaani, hapa Makorora kwa spika ya kukodi. Nimeahidiwa kujaribiwa redioni. Mimi huwa naingia tu na kichwa changu. Kuna maandalizi gani?

Marahaba. Kwenye ndondo kichwa kinatosha kwa sababu watu wanauona mpira wenyewe. Redioni hawana macho ila wewe.

Chukua karatasi ngumu ya A4, ilaze, igawe katikati. Panga wachezaji 11 kila upande kwa mfumo wanaocheza, usifuate mpangilio wa namba: beki wa kushoto akae kushoto. Kila mmoja mwandikie namba kwa maandishi makubwa, jina, na jambo moja tu la kusema juu yake. Ukiandika matano hutasoma hata moja mpira ukiwa unatembea. Wa akiba waweke chini, kwa penseli, kwa sababu kila timu inaweza kubadili wachezaji 5 ndani ya nafasi 3 za kusimamisha mchezo (mapumziko hayahesabiwi), na mabadiliko ya watu watatu kwa mpigo ndiyo yanayowavuruga watangazaji wengi. Andika dakika pembeni hapo hapo.

Jina liwe lile linaloitwa na watu. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya Julai 2022, Coastal Union na Yanga walitoka 3-3 kabla ya Yanga kushinda kwa penalti, na mabao yote matatu ya Coastal, Wagosi wa Kaya, alifunga Abdul Suleiman "Sopu". Mwambie mtu wa Ngamiani "Suleiman" atakuuliza yupi. Sema Sopu.

Fika uwanja wa Mkwakwani timu zikiwa bado zinapasha. Hapo ndipo unapomjua mchezaji kwa kukimbia kwake, nywele, viatu na mkono anaouning'iniza, maana mvua ikinyesha namba mgongoni haisomeki. Usipomtambua sema "beki wa Coastal" mpaka uhakikishe. Jina la uongo linaudhi kuliko jina lililochelewa.

Bao likiingia, mtupie jicho kwanza mwamuzi msaidizi: kibendera kipo juu au chini? Kisha ndiyo upige kelele. Halafu fuata mpangilio huu: nani kafunga, matokeo, dakika, ndipo usimulie lilivyopatikana. Wengi huanza na masimulizi, na aliyewasha redio sasa hivi anabaki hajui nani anaongoza. Red Barber, aliyekuwa akitangaza besiboli ya Brooklyn Dodgers huko Marekani, aliweka mezani saa ya mchanga ya dakika 3. Mchanga ukiisha anataja matokeo na kuigeuza. Simu yako ina kipima muda kinachotikisika bila mlio. Kitumie.

Kipindi cha pili sauti yangu inakwaruza, dakika ya 80 sina kitu. Nimeambiwa nimeze mayai mabichi.

Mayai yaache. Unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, kinapita njia ya chakula.

Tatizo mara nyingi ni kuanza juu. Mtu akifungua mechi kwa ukali wa nane kwa kumi, bao linapokuja hana pa kupanda ila kukaza koo. Anza na nne au tano. Pumua kwa tumbo: weka kiganja juu ya kitovu, kisogee mbele unapovuta hewa, mabega yakipanda umekosea. Kabla ya mechi, dakika 10 za kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kutoka sauti ya chini kwenda ya juu, taratibu. Maji kidogo kidogo kila mpira unapotoka, na dakika 15 za mapumziko nyamaza kabisa. Usinong'one, kunong'ona kunakaza koo. Ukihisi kohozi, meza mate. Kukohoa kwa nguvu kunazigonganisha nyuzi zenyewe.

Kahawa chungu ya barazani na sahani ya pilau saa moja kabla ya mechi vyote viwili huleta kiungulia, na kiungulia hupanda mpaka kooni. Kula mapema. Ukwaruzo ukizidi wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usiende dukani kwa lozenji.

Nimepata uhusika wa mjomba mkali kwenye tamthilia. Mwongozaji kila mara ananisimamisha: "Kaka, unatangaza, huigizi." Sielewi anataka nini.

Anataka unyamaze ukiwa unasikiliza. Mtangazaji amefundwa kuogopa ukimya. Sekunde tatu kimya redioni watu wanadhani mitambo imekufa. Mbele ya kamera sekunde hizo tatu ndizo uigizaji wenyewe.

Tuchukue sini moja: mpwa anakuambia mlangoni kwamba ameuza shamba. Mtangazaji anadaka neno la mwisho na kujibu papo hapo, kwa sauti ya kufika jukwaa la mbali, mkono ukipunga. Lakini maiki ya fimbo iko juu kidogo ya kichwa chako na nyingine imebanwa ndani ya kanzu. Sema kama unayezungumza na mtu aliye hatua mbili. Acha habari ikufikie, vuta pumzi moja, kisha jibu. Macho yatulie kwenye jicho lake moja. Wewe umezoea kufuata mpira kulia na kushoto, na kwenye picha ya karibu macho yanayocheza humfanya mjomba aonekane mwizi.

La pili ni maneno. Umezoea kubuni, kwa hiyo skripti ikisema "Toka kwangu" unasema "Hebu ondoka hapa mbele yangu." Kwako ni yale yale, ila mwenzako anasubiri "kwangu" ndipo aanze kulia. Katikati unaweza kulegeza ukiruhusiwa. Sentensi ya mwisho ibaki ilivyoandikwa.

La tatu, mwendelezo. Sini hiyo hiyo itapigwa kwa picha pana, kisha karibu kwako, kisha karibu kwake. Ukinyanyua kikombe kwenye neno "shamba" mara ya kwanza, kinyanyue hapo hapo mara zote. Ukikosea, mhariri atakuta kikombe kinaruka mezani chenyewe, na atakata picha yako nzuri kuliko zote. Ndevu nazo zisinyolewe bila kumuuliza mtu wa mavazi na vipodozi.

Zoezi la nyumbani: rekodi kwa simu wewe na mwenzio mkisoma kurasa mbili, kisha tazama bila sauti. Kama bado unaonekana unatangaza, utajiona.

Nikiwa mtangazaji watanichukulia kwa uzito nikichekesha kwenye runinga?

Bob Uecker alianza kutangaza mechi za Milwaukee Brewers mwaka 1971 na akaendelea mpaka 2024, na katikati ya hapo, 1985 hadi 1990, aliigiza baba wa familia kwenye vichekesho vya runinga vya Mr. Belvedere. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Ford C. Frick, tuzo kubwa ya watangazaji wa besiboli. Na Tanga hawashangai mtu mwenye kazi mbili: mwaka 2018 Coastal Union ilimsajili Alikiba. Watu watakusamehe utani wa kwenye tamthilia. Kukosea mfungaji, hapana.

Tamthilia inapigwa Bagamoyo, mechi zipo Mkwakwani. Inawezekana?

Inawezekana kama ratiba umeiweka kwenye mkataba, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mechi ya saa 10 jioni inaisha karibu saa 12. Kutoka Tanga unapita Segera, Msata, kisha unakata kuelekea Bagamoyo. Ukifika ni usiku na koo limechoka. Omba asubuhi ya kesho yake wapige kwanza sini zako zisizo na maneno: kutembea, kula, kusoma barua. Za kugombana zisogezwe mchana au siku inayofuata.

Mechi huahirishwa na kusogezwa, kwa hiyo usitaje tarehe moja. Andika "siku mbili kabla na moja baada ya mechi niliyopangiwa." Mengine ya kuandikwa: idadi ya siku za kupiga picha na malipo ya siku ya ziada, nauli na malazi, sehemu ya fedha inayolipwa siku ya kusaini, kiasi kama ni kabla au baada ya kodi ya zuio (ile anayokata anayekulipa), marudio ya kipindi, na sura yako kutotumika kwenye tangazo la biashara bila makubaliano mapya. Siku hizi ongeza kwamba sauti yako isinakiliwe kwa kompyuta. Sauti ndiyo duka lako. Mkataba wa redio nao usome kwanza, kwani vituo vingi vinakataza mtangazaji wao kuonekana chaneli nyingine bila barua ya ruhusa.

Cheti ni lazima?

Kwa kuigiza, hapana, ingawa chuo cha sanaa cha TaSUBa pale Bagamoyo wanafundisha sanaa za maonyesho na ni karibu. Kibali cha Bodi ya Filamu ni kazi ya mzalishaji, omba ukione. Kwa redio ni tofauti: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati, hivyo ukiajiriwa dawati la michezo stashahada itakuhusu. Anza kuulizia chuo kabla ya siku ya majaribio.